Frateri, Wewe Umeweka Nini?



Wapendwa vijana wenzangu, leo nataka kuwaeleza kosa langu. Padre muungamishi wangu alishalisikia, kwa hiyo msiogope, sitoi siri ya mtu mwingine. Lilinitokea Kwaresima iliyopita, na tangu hapo kila nikisikia neno "mchango" moyo wangu unashtuka kidogo.

Kwa wasionifahamu: nilimaliza falsafa, na kabla ya kuanza teolojia nimetumwa kwenye mwaka wa uchungaji. Nafundisha Uraia na vipindi vya dini katika sekondari moja huku Nyanda za Juu Kusini. Ofisi ya walimu tuko ishirini na sita. Wakatoliki ni wengi kidogo, wapo Walutheri, wapo Waislamu watatu, na wapo wenzetu ambao wakiulizwa dini wanacheka tu.

Wiki ya Jumatano ya Majivu, paroko alitukumbusha habari ya wagonjwa wasio na ndugu katika hospitali ya wilaya. Utaratibu wetu mnaujua. Mgonjwa akilazwa, chakula kinatoka nyumbani: asubuhi dada anakuja na chupa ya uji, mchana shangazi analeta hotpoti ya ugali. Sasa fikiria mtu aliyetoka mkoa wa mbali kutafuta kibarua, akapata ajali ya bodaboda, simu imepotea, hakuna anayejua yuko wapi. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, wodi inajaa watu na vyombo, na yeye anageukia ukutani.

Nikaguswa. Jumatatu nikachukua boksi tupu la rimu za karatasi, nikaliandika kwa kalamu nene: KWARESIMA – CHAKULA CHA WAGONJWA WASIO NA NDUGU. UNGA, MAHARAGE, SUKARI, SABUNI. Nikaliweka kwenye kona ya ofisi, karibu na meza ya chai, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kulikwepa.

Kumbe watu wana uwezo mkubwa sana wa kukwepa! Baada ya wiki mbili boksi lilikuwa na pakiti mbili za chumvi, nusu kilo ya sukari na mche mmoja wa sabuni. Mtu fulani alikuwa ameshaanza kuweka juu yake madaftari ya kusahihisha.

Na wiki hiyo hiyo ikaja kadi ya harusi ya mwalimu mwenzetu. Ndani ya siku tatu wote ishirini na sita waliandika ahadi. Hakuna aliyeandika chini ya shilingi 30,000. Wengine walituma kwa M-Pesa kabla hata chai haijapoa.

Jamani, nilikasirika. Na hasira ya mtu wa dini ni mbaya kwa sababu inavaa kanzu. Nikajiambia kuwa ile ni hasira takatifu, kama ya Bwana Yesu hekaluni. Nikachapa orodha ya majina yote ya walimu, pembeni nikaacha nafasi ya kuandika "alichotoa", nikaibandika ukutani juu ya boksi. Halafu saa ya chai nikaomba dakika tano. Nikaeleza Mathayo 25, habari ya kondoo na mbuzi. Nilipofika kwenye mbuzi nikainua macho na kuwatazama.

Ofisi ikawa kimya. Akasimama mwalimu wa Hisabati, mzee wetu, amebakiza miaka michache astaafu. Hakupandisha sauti.

"Frateri, mwanangu, nina maswali matatu tu. La kwanza: mwaka juzi tulichanga hapa hapa, tukaambiwa ni kwa ajili ya watoto yatima. Nani aliona vile vitu vimefika? La pili: hao wagonjwa, wewe umewaona? La tatu: hili boksi, wewe mwenyewe umeweka nini?"

Kengele ililia. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kuwa na kipindi cha Kidato cha Pili mkondo C.

Jioni nilikwenda kanisani. Nilitaka kumshtakia Yesu wa Ekaristi wale walimu, lakini kila nilipoanza, yale maswali matatu yalinitangulia. Nawaomba tuyapitie pamoja, maana naamini wengi wenu mmeshakaa upande mmoja wa boksi au upande mwingine.

*Swali la kwanza: nani aliona vimefika?*

Nilidhani ni kisingizio. Tumezoea kusema: "Mtu asiyetaka kutoa hakosi sababu." Na ni kweli, zipo sababu za uongo. Lakini nikaenda kuulizia ule mchango wa mwaka juzi. Hakuna aliyeiba, angalau sikuona dalili. Ila hakuna aliyeandika, hakuna aliyerudisha taarifa, na aliyekusanya alishahama shule. Watu walitoa, wakaona vitu vinapakiwa, na kimya kikafuata. Mtu aliyechomwa mara moja hana dhambi akiuliza kabla ya kushika tena sufuria.

Tusome Matendo ya Mitume 6. Kanisa ni changa kabisa, Mitume bado wapo hai, Roho Mtakatifu ameshuka juzi juzi tu, na tayari kuna manung'uniko ya chakula! Wajane wa upande wa Wayahudi wa Kigiriki walikuwa wanasahaulika katika mgawo wa kila siku. Angalieni Mitume hawakufanya nini: hawakusema wanaonung'unika hawana imani. Waliwaambia waamini wachague watu saba wenye sifa njema kwa ajili ya kazi hiyo. Naye Mtakatifu Paulo, alipokuwa anakusanya mchango kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho kwamba anajihadhari mtu asije akamlaumu juu ya fedha hizo. Alitaka mambo yawe mema mbele ya Mungu na mbele ya watu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Mtume mzima! Kama Paulo hakusema "niaminini tu, mimi ni mtumishi wa Mungu", mimi frateri wa juzi nasema vipi?

Katika karne ya pili Mtakatifu Yustino Mfiadini alieleza jinsi Wakristo walivyokuwa wakikusanyika siku ya Jumapili. Waliokuwa na uwezo walitoa, kila mtu kadiri alivyotaka mwenyewe, na mchango uliwekwa mikononi mwa aliyeongoza ibada, naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Nilisoma habari hiyo nikiwa seminarini na niliijua kwa ajili ya mtihani. Sikuona kwamba mambo mawili yamekaa pamoja pale: uhuru wa anayetoa, na mtu anayejulikana ambaye anawajibika. Mimi na orodha yangu ya ukutani nilikuwa nimevunja la kwanza, na la pili nilikuwa sijalitimiza.

*Swali la pili: umewaona?*

Hapa niliona aibu. Sikuwa nimekanyaga ile wodi hata siku moja. Nilikuwa na wazo la maskini kichwani, wazo safi kabisa, lisilo na harufu wala jina.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nikamwomba mwalimu wa Hisabati twende wote. Nilitegemea atakataa, akakubali, ila alinionya mapema: "Mimi naenda kukagua, siendi kutoa." Tulibeba kile kidogo tulichokuwa nacho pamoja na kilo tatu za maharage ambazo nilinunua asubuhi ile.

Muuguzi wa zamu alitupokea vizuri, akatazama maharage, akatuuliza kwa upole: "Haya, baba, atapika nani?"

Nilisimama pale na mfuko wangu. Mgonjwa asiye na ndugu hana sufuria wala mkaa, na hana mtu wa kukaa saa tatu akichochea maharage. Shida yenyewe ndiyo hiyo: hana mtu. Mimi nilikuwa nimeandika MAHARAGE kwa herufi kubwa na nikakasirika watu hawaleti, na kumbe hata wangeleta gunia lingekaa stoo mpaka liingie wadudu.

Alikuwepo mzee mmoja, mguu umefungwa, ametoka mbali. Tulipomsalimia shikamoo alituangalia mara mbili, akauliza: "Ninyi ni wa kwa nani?" Alidhani tumekosea kitanda, tunamtafuta ndugu yetu. Nilitafuta jibu la kitaalimungu sikulipata. Mwalimu wa Hisabati, yule aliyekuja kukagua, akavuta kiti akakaa. "Tumekuja kwako, mzee mwenzangu. Umekula?"

Hakuwa amekula tangu jana yake mchana.

Mwalimu akatoka, akavuka barabara kwa mama lishe, akarudi na sahani ya wali na chai. Hakusema lolote juu ya Mathayo 25. Njiani wakati wa kurudi aliniambia maneno machache tu: "Frateri, futa maharage. Andika unga wa lishe na sukari. Na tutafute mtu wa kupika, tumlipe kuni."

Vijana wenzangu, nawaomba tulitafakari hilo. Yule niliyemhesabu kati ya mbuzi ndiye aliyenifundisha kulisha. Swali lake halikuwa ukuta wa kuzuia upendo. Lilikuwa mlango, na mimi nilikuwa nimesimama nje yake na boksi.

*Swali la tatu: umeweka nini?*

Jibu: sikuwa nimeweka kitu. Hata chumvi. Kichwani nilikuwa na hoja nzuri tu: mimi ni frateri, sina mshahara, napata posho ndogo, nimetoa wazo na muda wangu. Falsafa inasaidia sana kutengeneza hoja za namna hiyo.

Lakini mwanafalsafa yule yule niliyemsoma ananishtaki. Aristotle, katika kitabu cha nne cha maadili yake, anafundisha kwamba ukarimu haupimwi kwa wingi wa kinachotolewa. Unapimwa kwa hali ya moyo wa anayetoa na kwa uwezo alio nao, kiasi kwamba mwenye kutoa kidogo anaweza kuwa mkarimu kuliko mwenye kutoa kingi. Hilo aliliona mtu ambaye hakuwahi kumsikia Yesu. Baadaye Bwana wetu aliketi kuielekea sanduku la hazina, akamwona mjane na senti zake mbili (Marko 12:41-44). Posho ni ndogo, lakini senti mbili ni ndogo zaidi.

Na kuna jambo lililoniuma kuliko hoja. Miaka yote ya seminari nimekula chakula cha michango. Magunia ya mahindi na maharage yalikuja kwa lori kutoka parokiani, yamekusanywa jumuiya kwa jumuiya, debe kwa debe. Mwenyekiti wa jumuiya alipita nyumba kwa nyumba, na bila shaka akina mama wengine walitoa kibaba wakabaki wanahesabu siku za kufikia mavuno. Hakuna aliyebandika majina yao ukutani. Nimekua kwa mkono wa watu nisiowajua, nikafika kwenye ofisi ya walimu nikawaita wenzangu mbuzi.

*Mama wa Baiolojia*

Jumatatu kabla ya kengele nilibandua orodha. Saa ya chai niliomba dakika mbili, nikaomba msamaha. Nikaeleza tulichoona wodini. Nikasema atakayetoa atoe, asiyetoa asitoe, hakuna atakayejua isipokuwa Mungu.

Baadaye mwalimu wa Baiolojia, ambaye sote tunamwita Mama, alinifuata. "Frateri, ile orodha siku nne nilikuwa naingia ofisini kwa kuangalia chini." Akanieleza. Nyumbani ana mama yake mzazi ambaye hatoki kitandani. Ana watoto wawili wa marehemu dada yake, mmoja ameingia sekondari mwaka huu, na mnajua Januari ilivyo. Mshahara una makato ya mkopo. Na miezi hiyo ya kabla ya mavuno bei ya unga inapanda. Yaani yeye anaendesha nyumbani kwake ile ile huduma niliyoandika kwenye boksi, kila siku, bila boksi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino angemtetea. Anafundisha kwamba sadaka inatoka kwenye kile kinachozidi mahitaji. Mtu hadaiwi kutoa kile ambacho yeye na wanaomtegemea wanakihitaji ili waishi. Upendo una mpangilio, na kwa kawaida unaanza na walio karibu. Kwa hiyo ukimwona mwenzako hatoi, usiwe mwepesi. Huenda unamwona mtu aliyekwisha kutoa, akamaliza.

Ila huyo huyo Tomaso hatuachi tulale. Anasema yapo mazingira ambapo inatupasa kumsaidia mgeni aliye katika hitaji kubwa kabisa hata kabla ya mtu wa karibu ambaye hana shida kama hiyo. Hapo ndipo narudi kwenye kadi ya harusi.

*Tunachopenda kuchangia*

Kijana mwenzangu wa ofisini alinijibu kwa ukweli ambao nauheshimu: "Frateri, tusidanganyane. Harusi nikichanga, na mimi zamu yangu ikifika nitachangiwa. Yule wa hospitali atanichangia nini?"

Sidhani kama ni mtu mbaya. Amesema kwa sauti kile ambacho wengi wetu tunakiishi kimya kimya. Michango yetu ya harusi, misiba na ubatizo ni kitu kizuri, na mwenye kudharau hilo hajawahi kufiwa. Ni kamba inayotufunga pamoja. Lakini tukubali kwamba kwa sehemu kubwa ni akiba: naweka kwako leo, nitachukua kesho. Daftari la kamati linakumbuka.

Ndiyo maana Luka 14:12-14 ni maneno magumu kwetu Waafrika Mashariki. Yesu anamwambia aliyemwalika kwamba akifanya karamu asiwaite tu rafiki na ndugu na jirani matajiri ambao nao watamwalika. Awaite maskini, vilema, viwete na vipofu. Na sababu anayotoa ni ya ajabu: utakuwa heri *kwa kuwa hawana cha kukulipa*. Kwetu hiyo ni sababu ya kutowaita. Kwa Yesu ndiyo heri yenyewe.

Yule mzee wa wodini hana kamati wala daftari. Ukimpa uji, hesabu inaishia pale. Hautarudi kwako kwa njia yoyote unayoweza kuiona hapa duniani. Kijana Mkatoliki, jiulize leo: katika mwezi mzima uliopita, kuna kitu chochote nilichotoa ambacho hakiwezi kurudi? Kama hakuna, basi nimekuwa mwekezaji mzuri, ila bado sijaanza kutoa sadaka.

*Ilivyoishia*

Msitegemee muujiza. Boksi halikufurika. Mpaka Jumamosi Kuu tulipata kilo 19 za unga wa lishe, kilo 11 za sukari, sabuni za kutosha na shilingi 64,000 za kuni na ndizi. Walimu wawili, mmoja wao Mlutheri, ndio waliohesabu na kuandika, na taarifa ikasomwa saa ya chai: kilichoingia, kilichotoka, aliyepokea. Mama lishe wa ng'ambo ya barabara alikubali kupika uji. Mwalimu mmoja Mwislamu, kwa kuwa Mwezi Mtukufu wa Ramadhani uliingia karibu sambamba na Kwaresima, aliniuliza kwa nini nilidhani boksi lile halimhusu. Sikuwa nimedhani hivyo, ila nilikuwa nimeandika hivyo. Tulifuta neno KWARESIMA, tukaacha mengine.

Wapo ambao hawakutoa mpaka mwisho. Sijui sababu zao, na nimejifunza kwamba si kazi yangu kuzijua. Na mzee wetu alishatoka wodini. Ndugu zake walipatikana.

Kwako unayetaka kuanzisha jambo kama hili kazini, chuoni au kwenye kikundi chenu cha vijana, nakuachia haya machache. Nenda kwanza ukaone, ndipo uandike kinachohitajika. Anza kuweka chako, hata kama ni kidogo cha kukutia aibu. Wape watu wawili wengine kazi ya kuhesabu. Rudisha taarifa hata kama hakuna aliyeuliza. Usibandike majina. Na mwenye kuuliza maswali magumu, mwalike mwende wote.

Na kwako unayepita pembeni ya boksi kila siku: kama huna, inua kichwa, Mungu anajua mzigo wa nyumbani kwako. Kama una mashaka, uliza. Lakini kama unacho, na huna mashaka, na bado unapita, basi usinijibu mimi. Nenda saa ya kuona wagonjwa, simama mlangoni mwa wodi, utafute yule aliyegeukia ukutani.

*Tuombe.* Ee Bwana Yesu, uliyelishwa na mikono ya wengine tangu Betania hadi siku ya ufufuko, utusamehe tunapowapima wenzetu kwa mizani ambayo sisi wenyewe hatujapanda. Utupe macho ya kuona kabla ya kusema, na mkono wa kutoa kile kisichorudi. Uwabariki wanaowalea ndugu zao kimya kimya bila kuonekana na mtu. Na yule anayelala leo wodini bila mgeni, umtumie mmoja wetu. Amina.

Mtakatifu Laurenti, shemasi uliyewaonyesha watawala wa Roma kwamba hazina ya Kanisa ni maskini, utuombee.

Ni mimi frateri wenu. Niombeeni.